Marahaba Yenye Noti Nne

Mwalimu wetu wa kwaya hakuitikia salamu kama wazee wengine. Wazee wengine ukiwaamkia wanakujibu huku wanatafuta funguo. Yeye alikuwa anasimama, anashusha miwani mpaka ncha ya pua, kisha anaimba: Ma-ra-ha-ba. So, so, mi, do. Miaka yote noti zilezile nne, hazibadiliki hata siku moja. Mtaa wetu wote wa maduka ya plastiki pale Kariakoo ulikuwa unaijua hiyo marahaba. Wapagazi waliopita na marobota kichwani walimwamkia makusudi, mara mbili mara tatu kwa asubuhi moja, ili tu waimbiwe. Mimi kuna siku nilimpa shikamoo saba. Ya nane akanirushia kifuniko cha beseni.

Sijui alizaliwa lini, na sikuwahi kuuliza, maana ukimuuliza Mchaga habari za kwao unaweza kukaa mpaka magharibi. Ninachojua ni kwamba alikuwa na duka la jumla la ndoo, beseni na majagi, na kwamba hakuna ndoo iliyotoka dukani mwake bila kupigwa kofi.

Paa! "Hii ni fa."

Paa! "Hii so. Ila so iliyochoka."

Siku moja alikuja mama mmoja kununua ndoo sita, kwake kuna msiba na watu wanamsubiri. Mwalimu akamkalisha nusu saa kwa sababu alitaka zote sita zilingane.

"Baba, hizi ni za maji tu," mama wa watu akalalamika.

"Mama, unafikiri maji hayana masikio?"

Mama akaondoka na ndoo sita zote za do. Nasikia msiba ulipendeza.

Chaki aliiweka juu ya sikio la kulia kama fundi seremala anavyoweka penseli. Ubao wake wa mazoezi ulikuwa mlango wa kabati la zamani, na juu yake hakuandika kitu kingine ila noti: d, r, m, f, s, l, t. Kwake dunia nzima ilikuwa na herufi saba. Alituambia sisi vijana wa sekondari kwamba tunasoma masomo tisa kwa sababu waliotunga mtaala hawakujua kuimba.

Alichukia kuchelewa, na yeye ndiye alikuwa wa mwisho kufika. Ukimkumbusha anasema, "Mwalimu hachelewi. Mwalimu anasubiriwa." Alikataza kula kabla ya kuimba, na mfuko wake wa koti ulikuwa umejaa karanga. Lakini kuliko vyote alichukia spika. Kanisani kwetu wazee walipoleta mpango wa kununua maspika makubwa na kinanda cha umeme, Mwalimu alisimama akasema, "Kama huwezi kumwimbia Mungu bila umeme, basi siku umeme ukikatika na Mungu wako kakatika." Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga zaidi ya wote, kwa sababu nilijua mlangoni pa duka lake kuna spika ya rangi ya chungwa inayopiga kelele tangu saa mbili asubuhi, tena kwa sauti yake mwenyewe aliyoirekodi: "Ndoo! Beseni! Majagi! Karibu mama, karibu dada, bei ya jumla, ingia ndani ujionee!"

Nilimuuliza. Mimi kuuliza siogopi. "Mwalimu, mbona na wewe unayo?"

"Ile ni biashara. Mungu hanunui ndoo."

Sasa nifike kwenye neno ambalo limenifanya niandike haya yote: samaki.

Katika kwaya yetu samaki ni mtu anayefungua na kufunga mdomo bila kutoa sauti. Mwalimu ndiye aliyelianzisha. Katikati ya wimbo alikuwa anashuka, anapita mbele yetu ameinamisha kichwa, anatega sikio kwa kila mdomo, kama daktari. Akifika kwa mtu ambaye mdomo unacheza na sauti haipo, ananong'ona, "Samaki," kisha anaendelea. Hakuwa anamfukuza mtu. Alisema hata soko la Feri samaki wana wateja wao.

Mimi nilikuwa samaki kwa miaka miwili na miezi kadhaa. Rekodi ya kanisa.

Sababu ni sauti yangu. Mimi ni msichana, lakini nikipokea simu naambiwa, "Kaka, habari za kazi?" Kidato cha kwanza nilisimama kusoma shairi mbele ya darasa, mvulana mmoja wa nyuma akaitikia, "Shikamoo baba!" Darasa zima likaanguka chini kwa kucheka, na mimi nikacheka kuwazidi wote, maana hiyo ndiyo akili niliyojaliwa: ukichekwa, wahi mstari wa mbele. Tangu siku ile nikawa mchekeshaji. Kuongea kwa kufanya utani naweza kutwa nzima. Kuimba, hapana. Kanisani nilienda kwa amri ya mama, na kwa maandazi yanayotolewa baada ya mazoezi.

Mwalimu alijua. Kila Jumapili alipita, akainama, "Samaki," akaenda zake.

Na kila Jumapili ibada ikiisha, watu wanatupongeza, wanatushika mikono, yeye anafuta ubao wake na kusema sentensi ileile: "Tumeimba. Hatujaabudu." Mimi nikidakia, "Sasa ibada iko wapi, Mwalimu, tuifuate?" wenzangu wanacheka, na yeye anajibu bila kukasirika, "Nimewahi kuiona mara moja."

Hiyo mara moja tuliijua sote, kama watoto wanavyoijua hadithi ya nyumbani. Ujanani mwake walikuwa wanne: yeye, mkewe ambaye sasa ni marehemu, na marafiki wawili. Walitunga wimbo wao wa sauti nne, wakauimba siku moja, ukumbini hamna watu hata kumi, na katikati ya wimbo, alisema, "tukasahau kwamba tunaimba." Basi. Hakuwahi kueleza zaidi. Karatasi za ule wimbo zililowa mafuriko yalipoingia ndani, na kila mmoja akabaki anakumbuka sauti yake tu; Mwalimu ya kwake aliiimba kila akifuta ubao.

Halafu akaanza kukohoa. Mungu naye ana utani wake: mzee wa Kariakoo kampa ugonjwa wa koo. Hospitali wakamwambia kuna uvimbe, utatolewa Jumanne, na sauti inaweza kurudi au isirudi. Alitutangazia mazoezini kama anatangaza mabadiliko ya ratiba. Kisha akatoka nje kukohoa.

Sasa mimi, kwa sababu nilikuwa na hofu na sikutaka mtu ajue, nikapanda jukwaani kumwigiza. Miwani kwenye ncha ya pua, chaki sikioni, kikohozi kimoja, halafu nikaimba ile sauti yake ya tatu, ile ya wanaume ya juu, kifua chote. Wenzangu walikuwa wanalia kwa kicheko. Kisha wakanyamaza ghafla. Nikageuka. Mwalimu alikuwa mlangoni, na sijui alikuwa hapo tangu lini.

Nilisubiri kufukuzwa. Akasema tu, "Jumamosi, saa moja asubuhi, dukani. Uje na daftari."

Jumamosi nikamkuta anapakia kirikuu, kile kigari chake kidogo cha mizigo. Alikuwa ameweka tairi la akiba, galoni ya maji, mkeka, blanketi, chupa ya chai na ndoo moja ya plastiki nyekundu.

"Mwalimu, tunaenda Moshi?"

"Magomeni. Halafu Feri."

"Magomeni si hapo tu? Tunaweza kutembea kwa miguu tukarudi kabla chai haijapoa."

"Safari si urefu, we mtoto. Safari ni unachokifuata." Akatuombea safari njema kwa dakika kumi nzima huku wenye mikokoteni wanatupigia kelele tuondoke njiani. Halafu akanieleza: anakwenda kuzikusanya sauti zake kabla ya Jumanne. Sauti ya kwanza, ya mkewe, iko kichwani mwake, anaamka nayo kila asubuhi. Ya tatu ni yake. Ya pili iko Magomeni, ya nne iko Feri. Mimi ni mwandishi, maana nasoma noti upesi kuliko kwaya yote. "Samaki mwenye macho mazuri," akasema.

Rafiki wa Magomeni tulimkuta barazani kwake anachambua mchele. Aliolewa na Mwislamu miaka mingi nyuma na kuingia dini ya mumewe. Ushungi wake ulikuwa mweupe na mkono wake mwepesi. Nikamwamkia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu." Akainua uso, akatazama huku na huku. "Nani kaniamkia? Nimesikia mwanamume."

"Ni mimi, Bibi. Mwanamume kabaki kooni."

Akacheka mpaka mchele ukamwagika. Kisha akamgeukia Mwalimu. "Na wewe Mchaga, umekuja kuniuzia ndoo?"

"Nimefuata sauti ya pili. Uliondoka nayo."

Akaacha kucheka. "Unajua mimi nilishavuka. Nina swala zangu tano, zinanitosha. Nyimbo zenu siziimbi tena."

"Sikuja kukuvusha kurudi. Jumanne wananipasua." Akagusa koo.

Bibi akachambua punje tatu, nne. Mawe hayakuwepo, alikuwa anatafuta la kusema. "Maneno siyatamki," akasema mwisho. "Lakini do re mi hazina dini. Andika, we mwanamume wa kike."

Akaanza kunitajia noti moja moja, bila kuimba, kama mtu anayetaja viungo vya pilau. Mi, mi, fa, so. Hapo akasita akikumbuka, na mimi, kwa kiherehere changu, nikamsaidia.

"Kisha so, Bibi?"

"La."

Nikaandika la.

"Halafu fa?"

"La, la!"

Nikaandika la mbili.

Tukamaliza, tukanywa chai, tukaaga. Bibi akavaa viatu. Akasema anakuja nasi Feri, kununua samaki tu, tusimwelewe vibaya. Akakaa mbele. Mimi nikakaa nyuma na ndoo.

Rafiki wa Feri ni mnadi wa samaki. Tulimsikia kabla hatujamwona. Sauti yake inatoka chini ya sakafu. Alikuwa amesimama juu ya meza penye fungu la samaki changu, wanunuzi wamemzunguka, na alipomwona Mwalimu hakusimamisha mnada, alibadilisha bidhaa.

"Haya, haya! Nimeletewa Mchaga hapa! Mkavu, hana mafuta, mifupa mingi! Nani ananianzia?"

"Simtaki hata bure!" akajibu mama mmoja mkaanga samaki, na soko likacheka.

Mnadi akashuka, wakakumbatiana, magamba ya samaki yakabaki kwenye koti la Mwalimu. Mwalimu alimweleza kwa maneno machache, maana sauti ilikuwa imeanza kukatika tangu Magomeni. Mnadi akavua aproni yake ya plastiki. "Hapahapa. Sasa hivi. Nikienda nyumbani nitalia."

"Mzee, samaki wanaoza!" mnunuzi akapiga kelele.

"Samaki wameshakufa, hawana haraka tena. Subiri."

Mwalimu akaigeuza ile ndoo nyekundu, akaipiga kofi. Do. Mimi niliambiwa nisome sauti ya pili kutoka kwenye daftari, kwa sababu Bibi alikuwa amesimama pembeni anakagua pweza ambaye hakuwa na mpango wa kumnunua. Na Mwalimu akasema tutaimba noti tupu, pasipo maneno, kwa heshima yake.

Tukaanza. Mnadi chini, Mwalimu katikati, mimi kwa sauti ya kuibia. Noti nne za kwanza zilikwenda vizuri. Ya tano, jamani, paka wa sokoni walikimbia. Tukaacha, tukarudia, ikawa vilevile, mbaya kuliko mwanzo.

"Umeandika nini hapo?" Mwalimu akaniuliza.

"Alichosema Bibi. La. Kisha la, la."

Bibi akamtupa pweza. "Mimi nimesema la wapi?"

"Nilikuuliza kama ni so, ukasema la. Nikakuuliza kama ni fa, ukasema la, la!"

"Nilikuwa nakukatalia, mtoto we! La! Yaani sivyo! Mimi nakwambia hapana, wewe unaandika noti!"

Mnadi alikaa chini kwenye beseni la mtu, akashindwa kupumua kwa kicheko. Mwalimu alikuwa anafuta machozi. Bibi hakucheka hata kidogo. Wimbo wake ulikuwa umechafuliwa mbele ya watu. Akasogea, akaweka kikapu chini, akafunga ushungi vizuri. "Ni hivi," akasema. Na akaimba. Mi, mi, fa, so, mi, re, mi. Sauti imezeeka kidogo pembeni lakini katikati ni msichana kabisa.

Hakuna aliyemwambia kwamba anaimba. Mwalimu akapiga ndoo upesi, kabla hajakumbuka.

Sasa zilikuwa sauti tatu za kweli, na mimi nikarudi kwenye kazi yangu ya usamaki. Tukafika mahali ambapo sauti ya tatu inapanda, na sauti ya Mwalimu ikakatika. Sisemi ilitetemeka. Ilikatika kama maji ya bomba. Wenzake wawili wakaendelea huku wanamtazama, na pale katikati pakabaki tundu, unalisikia kabisa, kama jino lililong'oka. Yeye alinitazama mimi. Hakuninong'oneza samaki. Alinitazama kama mtu aliyesimama ng'ambo na mzigo wake uko upande wako.

Ile sauti niliijua yote. Nilikuwa nimemwigiza kimoyomoyo miaka miwili. Nikaiimba.

Sikuiiba wala sikuifanyia utani. Niliifungulia, sauti yangu yote ya kaka-habari-za-kazi, ikaingia kwenye lile tundu ikatosha kama kifuniko na chungu chake. Mwalimu akafumba macho. Halafu akakunja midomo akaanza kupiga mluzi, juu, taratibu, wimbo ambao sikuwahi kuusikia, na Mnadi akashtuka kwa sababu yeye aliujua: sauti ya kwanza. Ya mkewe.

Sasa zikawa nne. Sijui niseme nini, mimi si mtu wa kutoa ushuhuda. Nakumbuka mafuta yalikuwa yanachemka kwenye makarai na hakuna aliyekuwa anageuza samaki. Nakumbuka sikukumbuka kwamba nina sauti nzito. Kuna kipande hapo katikati ambacho sikumbuki kabisa kuimba, lakini wanasema niliimba.

Tulipomaliza, mama mmoja alisema, "Amina," na mzee mmoja aliyeshika jodari mkiani akasema, "Mashallah," na yule mama mkaanga akasema samaki wake wameungua.

"Mwalimu," nikauliza, maana mdomo wangu haujui kupumzika, "tumeimba au tumeabudu?"

Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akatoa chaki sikioni akaandika kwenye tako la ndoo: KAA KIMYA KWANZA.

Nikakaa kimya. Mama yangu mpaka leo haamini.

Jumanne walimpasua, uvimbe ukatoka, mzee akapona. Sauti haikurudi. Kwaya sasa anaifundisha kwa mikono, ndoo na chaki, na sauti ya tatu ni yangu. Wavulana wawili wanaosimama nyuma yangu wananifuata mimi. Ule wimbo tuliuimba kanisani hivyohivyo, noti tupu, na mchungaji alikaa anasubiri tumalize mazoezi tuanze wimbo wenyewe. Bibi wa Magomeni alisimama nje ya geti na kikapu. Alikuwa anapita tu, tusimwelewe vibaya.

Wiki iliyopita nilitoka shule nikapitia dukani kwake. Mtaa umejaa, watu bega kwa bega, na juu ya kelele zote nikasikia sauti ya Mwalimu, nzima, kali, ya zamani: "Ndoo! Beseni! Majagi! Karibu mama, karibu dada!" Miguu ikasimama yenyewe. Ilikuwa ile spika ya rangi ya chungwa. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa chini yake kwenye kigoda, kimya, anatafuna karanga, na mashine aliyoichukia ndiyo inayotunza sauti yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

Akasimama. Akashusha miwani mpaka ncha ya pua. Akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua.

"Samaki," nikamwambia.

Najua, sina adabu. Lakini mngemwona alivyocheka, mabega yote, machozi, bila sauti hata ya mbu. Kisha akanyanyua kidole: subiri. Akapanda kigoda, akaizima spika. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuzimwa mchana tangu ifungwe. Mtaa ukapata kimya kidogo cha ajabu, na watu wakageuka kuona nini kimeharibika.

Akaenda kwenye safu ya ndoo. Akagusa moja, akaiacha. Akachagua ya bluu, ya kijani, na ile nyekundu ya safari, akazipanga mezani. Ya bluu akaipiga kofi mara mbili. Ya kijani mara moja. Nyekundu mara moja.

So, so, mi, do.

Mpagazi aliyekuwa anapita na robota la mitumba alisimama hapohapo, shingo imekaza, akaanza kutabasamu. Na ng'ambo ya mtaa mama muuza vitenge akatupa futi yake ya kupimia chini akapaza sauti, watu wote wasikie:

"Huyo kaitikia! Mzee kaitikia!"